Sambusa Zisiimalize Hamu ya Biriani

Usiku wa kupamba, wageni hufika baada ya Isha, naye bibi harusi huenda asitoke hadi saa tano. Katika kungoja huko ndipo sambusa, katlesi, viazi karai na kaimati hupitishwa tena na tena, kwani mwenye shughuli huona haya mgeni kukaa mikono mitupu. Biriani ifikapo, matumbo yamekwisha kujaa. Kwa dada yangu masinia yalirudi jikoni nyama haijaguswa, na deni la mbuzi wale lingali likilipwa. Hiyo ni israfu, japo ilianza kwa ukarimu.

Sinia huliwa na watu wanne au watano. Ikiwa mwakusudia washibe humo, basi tende, kahawa chungu, kipande cha halua na sambusa moja kwa kila mgeni vyatosha. Viazi karai ni mlo kamili. Viwekeni siku nyingine. Bibi harusi akichelewa, ni heri chakula kitangulie (mashangazi watanuna, nawajua). Kitakachosalia kifungwe usiku uleule, kipelekwe kwa majirani kabla wali haujachacha.