Je, Wajua? Entebbe, Maabara Iliyoitangulia Dunia

Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI, iko Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria. Wasafiri wengi huupita mji huo mbio mbio wakiwahi ndege. Laiti wangejua yaliyogunduliwa hapo!

Je, wajua kwamba taasisi hii ilianzishwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu? Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani na serikali ya Uganda waliifungua ili ichunguze homa ya manjano. Vipimo vya damu vilikuwa vimeonyesha kwamba wapo watu wa ukanda huu wenye kinga ya ugonjwa huo, ilhali kwao hakuna aliyekumbuka mlipuko wowote. Kama kinga ipo, basi kirusi kilipita. Kilipita wapi?

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya jibu ilipatikana migombani? Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, watafiti walibaini kwamba juu msituni mbu aitwaye Aedes africanus hukitoa kirusi kwa tumbili mmoja na kukipeleka kwa mwingine. Tumbili hao wakishuka kuiba ndizi shambani, huumwa na mbu wa pili, Aedes simpsoni, anayezaliana kwenye maji yanayotuama pale jani la mgomba linapoungana na shina. Mbu huyo akishamaliza na tumbili, humgeukia mwenye shamba.

Je, wajua walijuaje mbu yupi huuma wapi na saa ngapi? Walijenga majukwaa mitini, kila moja kwa kimo chake, watu wakapanda na kukaa humo kwa zamu, usiku na mchana, saa 24 mfululizo. Chambo kilikuwa miili yao wenyewe. Kila mbu aliyetua alikamatwa, saa na kimo vikaandikwa. Ikaonekana kwamba Aedes africanus hushambulia zaidi huko vileleni, katika saa ya kwanza baada ya jua kuzama. Baadaye ulijengwa mnara wa chuma wa takriban mita 36, uliosimama kwanza katika msitu wa Mpanga kabla ya kuhamishiwa msitu wa Zika.

Je, wajua kwamba kinara wa kazi hiyo ya mitini, Alexander Haddow, Mskoti mtaalamu wa wadudu, alikuwa pia mpiga zumari hodari wa kwao na akaandika kitabu kuhusu muziki huo?

Je, wajua kwamba kirusi cha West Nile kilipatikana wakati kinatafutwa kingine? Mwaka 1937 ilichukuliwa damu ya mwanamke mmoja mwenye homa huko Omogo, wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wachunguzi walikuwa wakisaka homa ya manjano. Walipowadunga panya weupe damu hiyo, wakakuta kirusi kisichojulikana na yeyote. Miaka 62 baadaye, mwaka 1999, kunguru walianza kufa ovyo mjini New York na wakazi wakalazwa na uvimbe wa ubongo. Kilikuwa kirusi kile kile.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa kwanza wa Zika kujulikana hakuwa binadamu? Alikuwa tumbili namba 766, wa jamii ya rhesus yenye asili ya Asia, aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti katika msitu wa Zika ili mbu wamuume. Aprili 1947 akapandwa na homa. Damu yake ikapelekwa maabara, na Januari 1948 kirusi hicho hicho kikapatikana ndani ya mbu wa msitu huo. Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, wagonjwa wa Zika waliothibitishwa duniani kote hawakufika 20. Kisha ikaja zamu ya kisiwa cha Yap, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 2007, na Brazili mwaka 2015, ambako watoto walizaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida. Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Je, wajua kwamba msitu wenyewe wa Zika una takriban hekta 25 tu?

Je, wajua kwamba chikungunya iliingia kwenye vitabu vya tiba kupitia Newala? Mwaka 1952 na 1953 watu wa Newala, katika Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, waliugua homa yenye maumivu makali ya viungo. Uwanda huo ulikuwa na shida ya maji. Yalichotwa mbali na kuwekwa majumbani, na mbu wakazaliana humo humo ndani ya vyombo. Kirusi kilitengwa na R. W. Ross wa Entebbe kutoka katika damu ya mgonjwa. Mwaka 2004 ugonjwa ukaibuka Lamu, pwani ya Kenya, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba karibu robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani hiyo ukavuka hadi Komoro, visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, na India.

Je, wajua kwamba mbu wa malaria aliwahi kueneza homa nyingine kabisa? Mwaka 1959 o'nyong-nyong ilizuka kaskazini mwa Uganda na kusambaa nchi jirani, wakaugua watu wanaokadiriwa kufika milioni 2. Entebbe walikitenga kirusi chake na kukuta kinabebwa na Anopheles, wakati virusi vingi vya aina hiyo hubebwa na mbu wengine.

Je, wajua kwamba taasisi hii iliwahi kuwa mali ya Afrika Mashariki nzima? Mwaka 1950 ilifanywa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki, ndiyo maana damu za Newala zilifika Entebbe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikabaki ya Uganda.

Je, wajua kwamba ilichangia pia kufumbua fumbo la saratani? Daktari Denis Burkitt wa Kampala alichora ramani ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Haddow alipoitazama, akaona ugonjwa unafuata maeneo ya joto na mvua, kama yafuatavyo magonjwa ya mbu. Hilo liliipa nguvu dhana kwamba kuna kirusi. Mwaka 1964, mtafiti Epstein na wenzake waliokuwa London wakakiona, katika seli za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda.

Je, wajua kwamba chanjo ya homa ya manjano, ugonjwa ulioizaa taasisi hii, ilitengenezwa mwaka 1937, lakini iliingizwa katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wa Uganda mwaka 2022? Kujua ni kazi moja, kumfikishia mtoto sindano ni kazi nyingine.

Na je, wajua kwamba pengo hilo limeanza kupunguzwa? Septemba 2022 Entebbe ilithibitisha Ebola ya aina ya Sudan, iliyozuka Mubende. Hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Chanjo za kufanyiwa majaribio ziliwasili Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshatoka hospitali. Walithibitishwa wagonjwa 142, wakafa 55. Dozi zikahifadhiwa na utaratibu wa majaribio ukaandaliwa mapema. Ugonjwa uliporudi Kampala na kutangazwa tarehe 30 Januari 2025, UVRI, Chuo Kikuu cha Makerere na Shirika la Afya Duniani walikuwa tayari: majaribio ya chanjo yakaanza tarehe 3 Februari, siku 4 tu baadaye.