Nzi wa Ndizi Mbivu na Ukali Usiopoa

Pita genge lolote la Mbweni na upunge mkono juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nzi wadogo wenye macho mekundu watatawanyika, kisha watatua palepale. Hawa si wale wakubwa wanaotoboa maembe na kuwatia hasara wakulima. Hawa ni Drosophila melanogaster, wenye asili ya Afrika. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuwakuta porini Zimbabwe wakijilisha matunda ya mng'ongo.

Nzi hawa wanatusaidia kuchunguza jambo linalomhusu kila mtu. Dereva wa daladala aliyechomekewa Tegeta hufika Mwenge bado amenuna, ingawa aliyemchomekea kashapotea zamani. Ni nini kinachoibakiza ile hasira kichwani?

Mwaka 2023, watafiti wa Janelia, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, walitoa matokeo ya kazi yao kwa nzi majike. Walibadili jeni ili seli chache za neva ziamshwe kwa mwanga. Kundi moja, aIPg, lilimulikwa kwa sekunde 30 tu. Mwanga ukazimwa, lakini ukali ukadumu kwa dakika 10 au zaidi.

Maelezo yaliyovutia wengi yalikuwa kwamba aIPg na seli jirani ziitwazo pC1d huchocheana kwa zamu, hivyo ishara huzunguka bila kukatika. Zimeunganika kweli. Lakini zilipopimwa, hakuna kundi lililobaki limeamka baada ya mwanga kuzimwa, na pC1d ziliponyamazishwa, majike waliendelea kuwa wakali vilevile. Kwa maoni yangu, hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo: dhana nzuri ilijaribiwa, ikashindwa.

Kwa madume mambo ni tofauti kidogo. Maabara ya David Anderson, huko California, ilionyesha mwaka 2020 kwamba seli za P1 huwasha hamu ya kutongoza, lakini zinazobaki macho kwa dakika kadhaa ni nyingine, pCd. Anayewasha si lazima awe ndiye anayetunza.

Ramani kamili ya ubongo wa nzi jike ilitoka Oktoba 2024, ikiwa na seli 139,255 na miunganiko zaidi ya milioni 50. Ni hazina kubwa, ila haitoshi kujibu swali letu. Huenda kemikali zinazosambaa polepole ndizo zinazoshikilia hali hizi, na ramani ya miunganiko peke yake haizionyeshi.

Kuanza kuwachunguza nzi hawa hakuhitaji majumba ya kifahari. Huko Ishaka, Uganda, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilianza kuwa mwenyeji wa mafunzo ya sayansi ya neva kwa kutumia nzi hawa mwaka 2011. Chupa, ndizi mbivu na kizibo cha pamba vinatosha kuwafuga. Kwa joto la nyuzi 25, kizazi kipya hutoka baada ya siku kama 10. Mwanafunzi mwenye lenzi ataona dume akitandaza bawa moja na kulitetemesha, akimwimbia jike. Walimu wa baiolojia wa Kinondoni na Temeke, anzeni na chupa hiyo muhula huu.