Kalamu ya Gavana Inafika Wapi?

Julai 2023, gavana wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, Tony Evers, aliletewa mezani bajeti iliyopitishwa na bunge la jimbo lake. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoziruhusu shule za umma kuongeza mapato yao kwa dola 325 kwa kila mwanafunzi, kila mwaka, kwa miaka miwili ya masomo: 2023-24 na 2024-25. Evers, mwalimu wa zamani na mwanachama wa chama cha Democratic, aliona miaka miwili haitoshi. Lakini bunge lilikuwa mikononi mwa Republican, na huko hakuwa na wa kumsikiliza. Akashika kalamu. Akafuta maneno machache, kisha kwenye "2024-25" akafuta tarakimu "20" na kile kistari. Kilichobaki kikasomeka 2425. Nyongeza ya miaka miwili ikageuka nyongeza ya miaka 402.

Wabunge walikuja juu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Wisconsin, na Aprili 2025 majaji wanne kati ya saba wakasema gavana hakuvunja katiba. Alitumia mamlaka ambayo wananchi wenyewe waliyaandika mwaka 1930, yanayomruhusu kukataa sehemu ya muswada wa fedha bila kuukataa wote.

Hata hivyo, kalamu hiyo imepunguzwa makali mara mbili. Katika miaka ya 1980 magavana walikuwa wakifuta herufi moja moja ndani ya maneno hadi yazaliwe maneno mapya. Mwaka 1990 wapiga kura wakapiga marufuku mchezo huo. Mwaka 2005 gavana Jim Doyle akafuta mamia ya maneno na kuunganisha yaliyosalia yakawa sentensi moja iliyohamisha fedha za barabara kwenda shuleni. Mwaka 2008 wapiga kura wakakataza nalo hilo la kuunga vipande vya sentensi mbalimbali. Kufuta tarakimu hakukukatazwa waziwazi. Evers akapita hapo.

Kisa hiki kinaeleza kwa nini ni vigumu kujibu swali jepesi kama "gavana wa Marekani ana madaraka gani?" Nchi ina majimbo 50, kila jimbo lina katiba yake, na katiba nyingi zina vifungu vilivyoandikwa kwa hasira au hofu ya gavana fulani aliyekwisha kuondoka.

Kwa jumla, muundo unafanana. Jimbo lina mihimili mitatu: bunge linalotunga sheria, mahakama zinazozitafsiri, na serikali inayozitekeleza. Gavana ndiye mkuu wa serikali hiyo. Chini yake ziko idara za elimu, afya, barabara, magereza, kodi, mbuga na leseni za udereva. Huandaa bajeti, huteua wakuu wa idara na wajumbe wa bodi, hutia saini miswada au kuikataa, hutangaza hali ya hatari mafuriko au moto unapozuka, na huamuru kikosi cha Walinzi wa Taifa cha jimbo lake. Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanasema madaraka ambayo hayakupewa serikali kuu wala kukatazwa majimbo yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi Marekani miaka mingi na mambo mengi ya kila siku, kuanzia leseni yake ya udereva hadi ada ya chuo kikuu cha umma, yakaamuliwa na jimbo badala ya Washington.

Kumwogopa gavana ni jambo la zamani kuliko taifa lenyewe. Kabla ya uhuru, makoloni mengi ya Marekani yalikuwa na magavana waliowekwa na Mfalme wa Uingereza, waliokuwa na uwezo wa kuzuia sheria na kuvunja mabaraza. Tanganyika nayo iliwajua magavana wa aina hiyo hadi wa mwisho wao, Sir Richard Turnbull. Uhuru wa Marekani ulipotangazwa mwaka 1776, Wamarekani walilipiza kisasi kwenye karatasi. Pennsylvania ilifuta kabisa cheo hicho na kuweka baraza la watu 12. North Carolina ilibaki na gavana, lakini ikamnyima uwezo wa kukataa miswada. Uwezo huo aliupata baada ya kura ya wananchi ya mwaka 1996, na likawa jimbo la mwisho nchini kumpa gavana wake kalamu hiyo.

Lakini jimbo linaloonyesha vizuri zaidi namna gavana anavyofungwa mikono, na namna anavyozifungua, ni Texas.

Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Texas ilitawaliwa na Edmund J. Davis, gavana wa Republican aliyeshika madaraka mwaka 1870. Alikuwa na polisi wa jimbo waliochanganya weusi na weupe, aliteua maofisa wengi wa ngazi za chini, na angeweza kutangaza sheria ya kijeshi. Wapinzani wake, ambao wengi wao walikuwa weupe waliochukia haki mpya za Wamarekani weusi, walimwita dikteta. Aliposhindwa uchaguzi wa Desemba 1873 alikataa kuondoka, akamwomba Rais Ulysses Grant majeshi. Grant akakataa. Katiba ya 1876, inayotumika hadi leo baada ya kurekebishwa mara mamia, iliandikwa ili asipatikane Davis mwingine.

Dawa yao ilikuwa kuyagawa madaraka. Gavana wa Texas hana baraza la mawaziri aliloliteua mwenyewe. Naibu gavana, mwanasheria mkuu, mdhibiti wa fedha, kamishna wa ardhi na kamishna wa kilimo wote huchaguliwa na wananchi, kila mmoja kwa kura zake. Gavana hawezi kumfukuza hata mmoja wao, na wanaweza kutoka chama tofauti na chake. George W. Bush wa Republican alipoingia ofisini mwaka 1995, naibu wake alikuwa Bob Bullock wa Democratic, mtu aliyeongoza Seneti ya jimbo na kuwa na sauti kubwa juu ya muswada upi usonge na upi ufie njiani. Bush alilazimika kumtafuta Bullock na kukaa naye mezani, maana bila yeye ahadi zake za kampeni zisingekuwa sheria.

Fundo lingine lilifungwa kwa sababu ya familia ya Ferguson. Gavana James Ferguson alishtakiwa na bunge na kuondolewa madarakani mwaka 1917. Alipozuiwa kugombea tena, mkewe Miriam akagombea, akashinda, akaapishwa Januari 1925. Alitoa misamaha kwa wafungwa wengi mno, na minong'ono ya rushwa ikazagaa ingawa haikuthibitishwa. Mwaka 1936 wapiga kura wakabadili katiba. Tangu hapo gavana wa Texas hawezi kumsamehe mfungwa mpaka bodi ya misamaha impendekezee. Kwa mtu anayesubiri adhabu ya kifo, jambo pekee ambalo gavana anaweza kulifanya peke yake ni kuahirisha adhabu kwa siku 30, mara moja tu.

Sasa linganisha na Illinois. Mwaka 2000 gavana George Ryan, wa Republican, alisimamisha adhabu ya kifo baada ya kubainika kwamba watu 13 waliokuwa wamehukumiwa kufa hawakuwa na hatia, katika kipindi ambacho jimbo lilikuwa limewaua wengine 12. Januari 2003, siku mbili kabla ya kuachia ofisi, alibadilisha hukumu za kifo za watu 167 kwa mpigo, baada ya kuwasamehe wengine wanne siku iliyotangulia. Katiba ya Illinois haikumtaka apate kibali cha mtu. Ryan huyohuyo baadaye alitiwa hatiani na kufungwa kwa ufisadi, katika uchunguzi ulioanzia kwenye leseni za madereva wa malori zilizotolewa kwa rushwa alipokuwa waziri wa jimbo.

Turudi Texas, maana kamba zile hazikumzuia kila mtu. Katiba haikuweka ukomo wa mihula, na wajumbe wa bodi nyingi hukaa miaka sita, wakiondoka kwa zamu. Gavana wa muhula mmoja hurithi watu wa mtangulizi wake. Rick Perry alikaa miaka 14, kuanzia 2000 hadi 2015, na kufikia mwisho viti vya bodi hizo vilikuwa vimejaa watu aliowaweka yeye. Mrithi wake, Greg Abbott, alitumia kalamu. Mei 2021 wabunge wa Democratic walitoka ukumbini ili akidi isitimie na muswada wa uchaguzi ukwame. Abbott alijibu kwa kufuta kwenye bajeti fedha za kuliendesha bunge lenyewe, mishahara ya wafanyakazi wake ikiwemo. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, na ni gavana pekee anayeweza kuliita katikati na kulipangia ajenda. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kuwarudisha wabunge kwenye fedha zao.

Hata kusafiri kwa gavana kunaweza kuzua balaa. Idaho humchagua gavana na naibu wake kila mmoja peke yake, na gavana akivuka mpaka wa jimbo, naibu hukaimu. Mei 2021 gavana Brad Little alikuwa safarini wakati naibu wake Janice McGeachin, wa chama hichohicho cha Republican, alipotoa amri ya kupiga marufuku masharti ya kuvaa barakoa. Little alirudi na kuifuta kesho yake. Oktoba mwaka huohuo akasafiri tena, na McGeachin akatoa amri nyingine kuhusu chanjo, tena akaulizia namna ya kupeleka Walinzi wa Taifa mpakani na Meksiko. Hiyo nayo ikafutwa.

Kwa Walinzi hao wa Taifa ndipo gavana anapokutana na ukomo wake mbele ya Washington. Septemba 1957, gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwapanga askari hao mbele ya shule ya sekondari ya Central mjini Little Rock ili kuwazuia wanafunzi tisa weusi, ingawa mahakama ilikuwa imeamua waingie. Jaji alimzuia asiendelee, Faubus akawaondoa askari, na makundi ya weupe wenye ghasia yakachukua nafasi yao. Septemba 24 Rais Dwight Eisenhower aliwatwaa Walinzi wa Arkansas wakawa chini ya serikali kuu, na kutuma askari wa Divisheni ya 101 ya jeshi la Marekani. Kesho yake watoto wale tisa waliingia darasani wakisindikizwa na wanajeshi. Kikosi kilekile kilichowafungia mlango sasa kilikuwa na amri ya kuwalinda.

Msomaji wa Kenya atauliza: na gavana wetu je? Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na magavana wa kwanza wakaingia ofisini mwaka 2013. Wanafanana na wenzao wa Marekani kwa kuchaguliwa moja kwa moja, kuongoza baraza la utendaji na kutia saini miswada ya bunge la kaunti au kuirudisha. Tofauti ni kubwa zaidi. Gavana wa Kenya hana polisi, hana mahakama, hana uwezo wa kumsamehe mfungwa. Kaunti hutegemea sana mgao wa fedha kutoka Nairobi, ilhali majimbo ya Marekani hujipangia kodi: Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato kwa mshahara wa mtu, California inatoza. Naibu gavana wa Kenya husimama kwa tikiti moja na gavana, hivyo kisa cha Idaho kingekuwa kigumu kutokea Kisumu au Kwale. Tanzania haina magavana wa mikoa. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, na Rais ndiye anayeweza kumwondoa.

Kuhusu kuondolewa, Kenya na Marekani zinakaribiana. Gavana wa Kenya hushtakiwa na bunge la kaunti, kisha Seneti huamua. Ndivyo walivyong'olewa Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi, wote mwaka 2020. Illinois ilimwondoa gavana Rod Blagojevich Januari 2009, aliyetuhumiwa kutaka kuuza kiti cha useneta alichokiacha Barack Obama, kwa kura 59 dhidi ya sifuri. Baadhi ya majimbo ya Marekani yana njia nyingine: wananchi kukusanya saini na kuitisha kura ya kumrudisha gavana nyumbani kabla ya muda. California ilifanya hivyo mwaka 2003. Gavana Gray Davis akatoka, na kati ya wagombea 135 akachaguliwa mwigizaji wa sinema, Arnold Schwarzenegger. Mwaka 2021 gavana Gavin Newsom alipigiwa kura hiyohiyo, akabaki.

Kwa hiyo anayetaka kujua nguvu za gavana asiishie kwenye cheo. Aulize mambo manne: anaweza kufuta nini kwenye muswada, anaweza kumfukuza nani, anaweza kukaa muda gani, na nani anaweza kumwondoa. Vermont na New Hampshire humpa miaka miwili tu kwa muhula. Virginia humkataza kukaa mihula miwili mfululizo. Texas haimwekei ukomo. Novemba 2026 majimbo 36 yana uchaguzi wa ugavana, na Wisconsin ni mojawapo.