Kugeuza mutumbwi muzito peke yako: akili ya shimoni inafaa kando ya ziwa

Katika familia nyingi za wachimbaji, mutumbwi njo unalisha nyumba wakati shimo halitoi kitu. Papa ameenda Kamituga kutafuta zahabu, ao Nyabibwe kutafuta kasiterite. Nyuma, kando ya ziwa Kivu, mama na watoto wanabaki na mutumbwi wa mbao. Usiku unavua sambaza, muchana unaleta nanasi na maharagi kutoka Idjwi mpaka Bukavu. Mutumbwi huo ukikufa, hakuna makuta ya shule.

Na mutumbwi haufi siku moja. Unaanza kufa kwa chini, pahali macho hayafiki. Ubao unalainika, pamba inatoka kati ya mbao, gudroni inabanduka. Wenye wako ndani wanatoa maji na kopo, kesho tena, kesho kutwa mara mbili. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova, imejaa watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku huko Goma, watu wakiangalia toka inchi kavu. Wakaaji wa ziwa hawajasahau. Chombo kikijaa, kila mutu anaona. Lakini mbao za chini zikioza, anaona tu yule aliyegeuza mutumbwi wake na kuziangalia.

Shida iko hapo kwa kugeuza. Mutumbwi wa mbao wa metre sita ao saba, ukishanywa maji, unaweza kufika kilo 300. Vijana sita wanaugeuza kwa dakika moja, lakini vijana sita wanaomba makuta na kinywaji, na mara mingi wao pia wako machimboni. Basi kazi inaahirishwa mpaka mwaka unapita. Tunaandikia yule aliyebaki peke yake na mutumbwi wake. Na tunasema hivi: kazi hii muchimbaji anaijua tayari.

Usinyanyue, pandisha kidogo kidogo

Mwenye kutosha jiwe kubwa katika galeri hanyanyui jiwe. Anaingiza baramini chini, anafinya, jiwe linapanda vidole viwili, anasukuma kijiwe ndani, anaanza tena. Kwa mutumbwi tunafanya vile vile.

Toa kwanza kila kitu: maji, kasia, nyavu, injini. Kiisha kaza vigingi viwili vya nguvu katika udongo, upande ule mutumbwi utageukia, viguse ukingo wake. Bila vigingi, mutumbwi utateleza pahali pa kupinduka.

Sasa hesabu. Ubavu mmoja ukibaki chini, ule unaoinua unakuletea karibu nusu ya uzito, yaani kilo 150. Kata muti wa nguvu wa metre mbili. Chini yake weka jiwe bapa, sentimetre 20 toka ncha inayoingia chini ya mutumbwi. Upande wako unabaki sentimetre 180, ni kusema mara tisa. Zile kilo 150 zinakuwa kama 17 mukononi mwako, pungufu ya bidon moja ya maji ya litre 20. Mama anaweza. Lakini iko bei: ukishusha muti sentimetre 90, mutumbwi unapanda 10 tu. Hizo 10 uzifungie mara moja na mbao ao jiwe, kiisha uende ncha ingine ya mutumbwi. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mikono isiingie chini hata siku moja. Jiwe la kufungia lisukume na fimbo.

Kamba mbili, si moja

Ubavu ukifika kwenye magoti, ushikilie na miti yenye panda, kama vile tunashikilia paa ya galeri. Toka hapo kamba njo inafanya kazi. Ifunge kwenye ukingo uliopanda, ipitishe juu ya mutumbwi mpaka kwenye muti mukubwa wa upande wa pili. Ila kamba inayovuta chini chini inasukuma mutumbwi tu, haiuinui. Inapaswa kuvuta kuelekea juu. Kwa hiyo ipitishe juu ya miti miwili iliyofungwa kama mukasi, mirefu kuliko wewe, iliyosimama kati ya mutumbwi na muti.

Ukiwa na puli, ifunge kwenye mutumbwi, kamba ipite ndani yake: nguvu unayotoa inapungua nusu. Ukikosa puli, tumia kamba iliyokunjwa mara mbili, ingiza fimbo katikati na uisokote. Kamba inafupika na inavuta kwa nguvu sana. Usiachilie fimbo hiyo. Ifunge kwanza, kwa sababu ikirudi inavunja mukono.

Kamba ya pili njo inaokoa maisha. Mbele ya kuvuta, funga ukingo ule ule kwa muti ulio nyuma, upande mutumbwi unapotokea, na uizungushe mara tatu kwenye shina. Mutumbwi ukisimama wima, uzito unageuka: kwanza ulikataa kupanda, sasa unataka kuanguka. Ni hapo mutu anaweza kufinywa. Achia kamba ya nyuma nafasi ndogo, uifunge. Vuta mpaka mutumbwi upite katikati na utegemee kamba hiyo. Kiisha nenda nyuma, uiachilie polepole kwenye shina. Mutumbwi utalala juu ya migomba iliyokatwa ao pneu za zamani ulizopanga.

Si akili ya masikini. Meli Costa Concordia ilipolala ubavu kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, mwaka 2012, watu 32 walikufa. Mwezi wa Septemba 2013 mafundi waliisimamisha kwa kuivuta na kamba za chuma, polepole, masaa 19. Hakuna aliyeinua meli. Walivuta kidogo, wakangoja, wakavuta tena.

Ukishaona chini

Acha mutumbwi ukauke siku kadhaa, kiisha choma kila ubao na ncha ya kisu. Pahali kisu kinaingia kama katika muhogo uliopikwa, ubao huo umekwisha. Badilisha, usifunike na gudroni. Pahali pagumu, jaza pamba mupya kati ya mbao na upake. Kuurudisha ni njia ile ile, na kamba zote mbili.

Kumbuka pia, kusema "peke yako" si kusema kwa kujificha. Muambie jirani saa ya kuanza, watoto wakae mbali kuliko urefu wa kamba. Mvua ikinyesha, udongo unalainika na vigingi vinangoka: funga vizuri, ngojea. Na kama siku hiyo papa anarudi kutoka machimboni, mungojee. Yeye ndiye anajua baramini.