Okide za pori: ziokoe mbele ya tanuru ya makala

Kiangazi ikianza, kandokando ya Lubumbashi miti ya pori inaangushwa kwa ajili ya makala: muombo, mutondo, mutobo. Tawi likilala chini, mara nyingi utaona juu yake majani manene na mizizi myeupe iliyoshika ganda. Ile mimea inaingia katika tanuru pamoja na miti, ao inakauka palepale. Ni okide. Inaishi bila bulongo, na kwa sababu hiyo watu wengi wanasema inakunywa damu ya muti. Si kweli.

Wandugu wanakoperative, hapa tuangalie vizuri, maana juu ya miti kuna wageni wa namna mbili, na mmoja ni mwizi kabisa. Ule unaota kwenye avoka, michungwa na mipera, ndege wakiacha mbegu zake zenye kunata. Muzizi wake unatoboa tawi na kuingia ndani. Pale ulipoingia, tawi linavimba kama fundo. Huyo kata, pamoja na kipande cha tawi chini ya fundo, mbele hajatoa matunda. Okide ni tofauti. Mizizi yake inatembea juu ya ganda tu. Ukiivuta polepole inabanduka na haiachi tundu. Chakula chake ni mvula, vumbi na majani yaliyooza katikati ya mizizi.

Ulaya watu wananunua mimea ya hewa ya namna hiyo, Tillandsia, na kuiweka ndani ya nyumba. Ile asili yake ni Amerika, ni ndugu ya nanasi. Sisi tuko na yetu. Inayoonekana haraka ni Ansellia africana: fimbo nene zilizosongamana, maua ya manjano yenye madoa kama chui, na mizizi midogo inayosimama juu kama sindano, ikifanya kikapo cha kukamata majani makavu.

Kama umeipata kwenye muti ulioangushwa, usiibandue kwa nguvu. Kata ganda ao kipande cha tawi pamoja nayo. Kule nyumbani, tafuta ndani ya lupango muti wenye ganda gumu lisilobanduka. Muembe ni muzuri. Mpera na mkalitusi hapana, ganda lao linaanguka na okide itaanguka nalo. Weka upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha muchana. Funga na kitambaa cha kizee ao mpira ya ndani ya kinga. Usifunge na waya ya shaba! Katika muji wetu waya ile haikosekani, lakini shaba ni sumu kwa mizizi ya okide.

Wengi wanaiua kwa huruma: wanaipanda ndani ya chungu cha bulongo na kuinyeshea kila siku. Mizizi inaoza. Hii mimea imezoea hewa. Toka Novemba mpaka Machi mvula inatosha. Kama iko chini ya baraza, nyeshea asubuhi mara mbili ao tatu kwa juma, ikauke mbele ya usiku. Juni na Julai, wakati wa baridi, iache ilale. Fimbo zikikunjamana kidogo usiogope. Mayi kidogo kila juma mbili inatosha. Kama mayi ya kisima chako inaacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, kinga mayi ya mvula ndani ya bido.

Sasa, feza. Kuna wenye kuuliza kama koperative inaweza kuuza. Tunasema wazi: usipande juu ya muti uliosimama kwenda kuzibandua. Mbegu ya okide ni ndogo kama vumbi, inahitaji kuvu fulani ili iote, na inachukua miaka mingi mpaka ua la kwanza. Soko likianza kubandua pori, pori halitaweza kufuata. Tena okide zote ziko chini ya mkataba wa CITES, na nchi yetu iko ndani yake tangu 1976. Kuivusha Kasumbalesa bila ruhusa ni kosa, na hata kikanda tunachokula pamoja na karanga ni mizizi ya okide, sheria ni ileile. Njia ya kuzidisha ni kugawanya: kundi kubwa likatwe kwa kisu safi, kila kipande kibaki na fimbo tatu ao ine, na kidonda kipakwe vumbi la makala.

Fanya kazi hiyo mwisho wa kiangazi. Mvula za kwanza zikinyesha, angalia ncha za mizizi. Zikiwa za majani kibichi na zimeanza kushika ganda la muembe, fungua kitambaa.