Upepeo wa Hariri: Jina Lisomwe Mwisho

Swali la kwanza la mwenye upepeo wa kale wa Kichina huwa moja: nani kauchora? Hapo kidole kiko tayari kwenye saini ya Tang Yin, bingwa wa enzi ya Ming aliyefariki mwaka 1524. Mthamini naye jina hulisoma mwisho. Saini ni rahisi kuiga, na karakana za Suzhou zilitoa michoro mingi ya kughushi kwa jina lake na la mchoraji Qiu Ying.

Anza na kitambaa. Hariri ya kuchorea hupakwa gundi na shabu ili wino usitawanyike. Ikizeeka huwa ya kahawia, hukauka na kukatika, lakini haizeeki sawasawa: sehemu iliyofichwa na ukingo hubaki na weupe zaidi kuliko iliyopigwa na mwanga. Iliyozeeshwa kwa chai mara nyingi ina rangi moja kote, hadi kwenye ncha za nyuzi zilizokatika. Weka lenzi pia. Ukiona vitone vidogo vilivyopangika, hiyo ni kazi ya mashine ya uchapaji.

Halafu, ikiwa upepeo umechorwa bibi, mtazame usoni. Wachoraji walizoea kumng'arisha kwa rangi nyeupe sehemu tatu: paji la uso, pua na kidevu. Nyeupe ya zamani yenye madini ya risasi huweza kusawijika kwa miaka. Nyeupe ya titani haikuwako sokoni kabla ya karne ya 20. Ikionekana hapo, ama mchoro ni mpya, ama kuna fundi aliyeutia kiraka.

Umbo nalo lina tarehe yake. Mabibi wa enzi ya Tang walichorwa wanene, mashavu yamejaa. Wale wa wachoraji Gai Qi (1773–1828) na Fei Danxu (1801–1850) ni wembamba, mabega yameteremka, uso kama yai. Saini ikisema Tang Yin na mabega yakasema karne ya 19, amini mabega.

Hata mwaka ulioandikwa una mtego. Kalenda ya jadi ya Kichina huzunguka kila miaka 60, hivyo mwaka uitwao jiazi waweza kuwa 1804, 1864 au 1924. Mzunguko upi? Hariri na rangi ndizo zitakazojibu.

Jina likianguka, usikimbilie kuutupa upepeo. Kunakili kazi za mabingwa kulikuwa njia ya kujifunza, na nakala ya mkono hodari wa karne ya 19 ina thamani yake. Bibi aliyechorwa na upepeo mkononi humkumbusha Mchina habari za Ban Jieyu, mke mdogo wa mfalme wa enzi ya Han, aliyejifananisha na upepeo unaowekwa kando joto likiisha. Nawe usimweke kando bibi huyu kwa kukosa jina. Mtunze mbali na jua, na usimfute vumbi kwa kitambaa chenye maji: rangi itaondoka, na ushahidi pamoja nayo.