Je, Wajua? Bibi Aliyezilazimisha Kompyuta Kusema Kweli

Je, wajua kwamba Profesa Barbara Liskov, aliyezaliwa Marekani mwaka 1939 na kutunukiwa udaktari na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1968, zama ambazo wanawake katika elimu ya kompyuta walikuwa wa kuhesabika, ndiye aliyebainisha mwaka 1999, pamoja na mwanafunzi wake Miguel Castro, njia nyepesi ya kuiwezesha mitambo kutoa jibu sahihi hata mmojawapo ukihini?

Kanuni yao ni hii: kazi ile ile hukabidhiwa kompyuta nne, nazo hupelekeana habari na kulinganisha kauli, basi moja ikiharibika, au ikitekwa na adui ikasema uongo, tatu zilizosalia huafikiana juu ya lililo kweli, na kazi haikatiki.

Wala hima yake haikukomea kwenye mitambo, kwani mwaka 2007 chuo cha MIT, alikofundisha tangu 1972, kilimkabidhi dhamana ya kusimamia usawa miongoni mwa wahadhiri, ili wanawake na watu wa jamii zilizokuwa haba chuoni waajiriwe na kupandishwa vyeo kwa insafu. Tuzo ya Turing ya mwaka 2008, iliyo aali kabisa katika fani ya kompyuta, ilimwendea yeye, mwanamke wa pili kuipata. Nayo ilikuwa stahiki yake.